Aje Kwanza Huyo Wao

Nianze na babangu, maana yeye ndiye aliyekuwa mlangoni. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, na cherehani yake aliiweka barazani, ubavuni mwa kizingiti, hata mtu akitaka kutoka ilimlazimu akunje nguo zake kupita kando ya kanyagio lake. Hakuna mwanamke aliyetoka nyumba ile baba asijue ni nani, amevaa nini na anakwenda wapi. Wala hakuwa akiuliza. Aliacha kukanyaga tu, cherehani ikanyamaza, nawe ukajua umeshaonekana. Nyuma kulikuwa na mlango wa uani, lakini huo ulitokea kwa shangazi, dadake mkubwa, na heri macho ya baba mara kumi kuliko ulimi wa shangazi.

Nayasema haya ili ieleweke, nilipotaka kwenda Ujerumani, nilikuwa nikitaka kutoka wapi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, Nairobi. Huko kufika Nairobi kwenyewe kulikuwa kwa kilio. Baba alikubali kwa sababu mjomba alikuwa na nyumba Pumwani. Basi nikalala kwa mjomba, nikala kwa mjomba, na kila Ijumaa mjomba akampigia simu mwenye duka jirani yetu Malindi ampelekee baba salamu kwamba niko salama. Wenzangu walikaa mabwenini wakenda sinema. Mimi nilitoka darasani nikarudi kuchambua mchele na mke wa mjomba.

Kisha idara yetu ikafanya mpango na chuo kimoja cha Ujerumani kilichokuwa kikifundisha Kiswahili. Wao watuletee mwanafunzi wao, akae likizo ndefu yote pwani, ndani ya nyumba ya Waswahili, ajifunze lugha kwa kuisikia. Na mtoto wa nyumba hiyo naye aende kwao mwaka mzima, asome na asaidie kufundisha. Mhadhiri akaniita ofisini. Akaniambia wewe ndiye mtoto wa pwani, na alama zako nzuri, hakuna mwingine. Kilichotakiwa ni barua ya idhini ya mzazi, ifike chuoni kabla masomo hayajaanza tena.

Nilikuja Malindi na habari hiyo kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto. Nikamwambia baba kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Hakusema ndiyo, hakusema la.

"Aje kwanza huyo wao," akasema. "Nimtazame. Mtoto ndiye anayekwambia nyumba aliyotoka ikoje."

Mama aliniambia jikoni kwamba hiyo si la. Kwa mtu kama babako, akasema, hiyo iko karibu na ndiyo. Nami nikalishika neno lake kwa mikono miwili. Kwa hivyo safari yangu yote ikawa juu ya mtu ambaye sijamwona kwa macho. Akiwa na adabu, nakwenda. Akiwa hana, nimekwisha.

Alikuja kwa basi la kutoka Mombasa, adhuhuri, jua la kuchoma. Mimi na mama tukenda kumpokea stendi. Nilimwona kabla hajaniona, maana alimpita kondakta kwa kimo. Alikuwa amevaa kaptura. Sisemi kaptura ya kufika magotini, nasema kaptura. Na shanta mgongoni, na viatu vya askari, na anamchekea kila mtu, mpagazi, muuza njugu, mwenda wazimu wa stendi, wote sawa. Mama, Mungu amrehemu, alivua leso aliyojitanda, akamfunga kiunoni palepale mbele za watu kama anayemfunga mtoto aliyetoka kuoga. Mgeni akadhani ni desturi ya kukaribisha wageni, akashukuru.

"Shikamoo mama," akasema. "Nimefurahi sana kukutana nawe." Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari, kila neno limesimama peke yake.

Njiani ile leso ikalegea. Tulipofika nyumbani, cherehani ikanyamaza, na goti likawa linachungulia nje, jeupe, mbele ya babangu. Alirudisha macho kwenye sindano upesi. "Karibu mwanangu," akasema, kwa upole, lakini bila kuinua uso. Mimi nilisimama pale nikaona ndege yangu inaondoka bila mimi. Nikasema moyoni, wallahi, huyu nitamfinyanga mpaka awe mtu.

Na lazima mjue Wajerumani tuliowazoea sisi walikuwa wepi. Walikuwa wale wa mahoteli ya ufuoni na wa Watamu, waliokuja sokoni na nguo za kuogea kupiga picha mafungu ya tangawizi. Baba akiwaona aligeuza kiti. Kwa hivyo huyu wangu alikuwa ameshashindwa kabla hajafungua kinywa, na mimi ndiye wa kumtoa shimoni.

Nikamwekea sheria siku ileile. Kutoka peke yake, hakuna. Kutoka bila buibui, hakuna. Magharibi ikiadhiniwa, awe ndani. Wale vijana wa ufuoni wanaojua Kijerumani kuliko Kiswahili, hata wakimsalimia kwa jina la mamake, asigeuke. Nami nitakuwa naye popote. Hilo la mwisho sikulifikiri vizuri. Likizo nyingine angalau nilikuwa nikenda Mambrui kwa nyanya nikakaa wiki nzima nimelala kwenye mkeka, mtu hanisemi. Sasa hata Mambrui kulikufa, kwani nikimwacha na shangazi siku moja atamuuliza mambo ya kwao, naye, kwa kuwa hakujua kudanganya, atajibu. Alikuwa ameshaniambia mimi kwamba kwao ana rafiki wa kiume na wanakaa nyumba moja. Nilimfumba kinywa kwa kiganja.

Basi tukakaa. Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja la juu, lenye wavu, la kuingiza mwanga na mbu. Asubuhi tulifagia ua, tukapika, tukafua. Nilimfundisha kukuna nazi. Aliikalia mbuzi, ile miguu yake mirefu haijui iende wapi, huku moja huku moja, na mimi kila mara namshushia leso. Alijikuna vidole hadi tui likawa la waridi. Nilimfundisha mtu akimwita aitikie "bee" wala si "nini". Nilimfundisha kupokea kwa mkono wa kulia, kupita mbele ya wazee kwa kuinama kidogo, kula bila kusifu sana chakula, kwa sababu kwetu ukisifu sana unapakuliwa tena. Hilo alilijua kwa taabu. Wiki ya kwanza tumbo lilimuuma.

Bahari ilikuwa mwisho wa kichochoro. Usiku na mchana tuliisikia. Alikuwa amekuja na vazi lake la kuogelea, akalitundika msumarini, na kila asubuhi akalitazama, akanitazama mimi. "Lini?" Nikamwambia kesho. Kesho yake, kesho. Msichana wa watu alikuwa anaandika maneno mapya kila siku, lakini hilo la kesho alilijua maana yake kabla ya wiki kwisha.

Alasiri moja ya joto, umeme umekatika, pangaboi limekufa juu ya vichwa vyetu, akaketi kitandani akaniambia taratibu, kama anayesoma ubaoni: "Mimi nilikuja kujifunza lugha. Sikuja kufungwa."

Mimi ni mtu wa hasira, najijua. Mama alizoea kusema nilizaliwa mwezi wa joto. Nikamwambia, "Na lugha unadhani inakaa wapi, ufuoni na wale wahuni? Wewe umefungwa likizo moja tu, unalia. Mimi nimefungwa tangu nivunje ungo." Kisha machozi yakanitoka, ya hasira, si ya huzuni, na katika kulia nikamwambia yote. Nikamwambia juu ya barua, na neno la baba, na kwamba kila akitikisa goti lake anatikisa mwaka wangu mzima.

Uso wake ulikuwa mwekundu kwa joto. "Kwa nini hukuniambia mwanzoni?"

"Ningekwambia nini? Ati babangu anakupima kama kitambaa?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo ungeniambia." Akasimama, akalitoa lile vazi msumarini, akalikunja, akalitia chini kabisa ya shanta. "Haya. Sasa nifundishe sawasawa."

Tangu siku ile hapakuwa na kesi. Nimeona watu hodari wa masomo, lakini sijaona mtu aliyeufanya Uswahili kuwa mtihani na akadhamiria kuupasi kama yule. Alijifunza kufunga buibui asionyeshe hata kifundo. Akashusha sauti. Ile hali yake ya kumchekea kila mtu akaiacha, akacheka na wanawake uani, barazani akawa kimya. Ramadhani ilituangukia katikati ya likizo, akafunga yote. Hakuna aliyemwambia afunge. Mama alimwekea chakula cha mchana kikalala. Saa za jioni alisimama jikoni na mama, akidondosha kaimati kwenye mafuta, jasho linamchuruzika, koo kavu, na akiambiwa onja sukari anasema, "Nimefunga, mama." Shangazi aliyeweza kumkosoa malaika alimletea doti ya leso. Mimi, kwa umri wangu wote, sijapewa na shangazi hata uzi.

Nikaanza kuona wivu, nisiseme uongo. Mama alipotaka kitu jikoni aliita jina lake kwanza, kwani yeye aliitikia "bee" na kusimama papo hapo, na mimi niliitikia nikabaki nimekaa. Lakini wivu ule niliumeza, kwa sababu nilimwona baba. Alikuwa amelainika. Aliwaambia wateja, "Wasichana wangu wako ndani." Kuelekea Idi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: yeye fundi wa kanzu, asiyeshona nguo ya mwanamke hata kwa fedha, alikata kitambaa akamshonea gauni. Alimpima kwa macho tu, wala halikuhitaji kurekebishwa.

Basi nikaanza kujiona nimeondoka. Mchana watu wakilala nilimwomba anifundishe lugha yao. Nikajifunza kuomba chai, kuuliza njia, kusema nasikia baridi. Akanieleza chumba changu kitakuwaje bwenini kwao: meza, taa ya kusomea, na ufunguo. Nilimuuliza ufunguo wa nini. Akasema wa mlango wako. Unaufunga ukitaka, unatoka ukitaka. Nikamwomba anieleze tena juu ya ufunguo, naye akaeleza, bila kucheka.

Baada ya Idi, siku si nyingi, wakaja wanawake wawili. Mmoja alikuwa mke wa mfanyabiashara wa samaki wa mtaa wa pili, na mwenziwe alikuwa nduguye. Walikuja wamejifukiza udi hadi nje barabarani wakanukia, na wamevaa dhahabu mchana. Mtu wa Malindi akiona hivyo hahitaji kuambiwa. Mama akawakaribisha ukumbini, akatuita tulete kahawa na halua, kisha akatukonyeza tuondoke. Tuliingia chumbani, nami nikabandika sikio kwenye pazia.

Walizunguka kama kawaida. Wakauliza hali, na hali ya hali. Wakasifu nyumba. Kisha yule mkubwa akasema, "Tumepita kwenu tumeona ua, na sisi kwetu kuna kijana hana ua." Nikajiona nimeshapakwa hina, nimeshatiwa ndani ya nyumba ya mtaa wa pili, na ufunguo wangu wa Ujerumani umezama baharini. Nikamshika mwenzangu mkono kwa nguvu hata akauma meno.

"Huyu wangu bado anasoma," mama akasema, kwa sauti nyembamba.

"Wako tunamjua anasoma. Tumemjia huyu mwingine. Huyu mtulivu."

Nilicheka hadi nikajifunika mto. Kumbe anayeposwa ni Mjerumani. Nikamweleza kwa kunong'ona, naye akafungua macho, akauliza posa ni nini hasa, na nilipomwambia akaanza kucheka pia, tukawa tunasukumana kitandani kama watoto wa chuo cha Kurani. Ukumbini wale wanawake walikuwa wanaendelea. Kusilimu, wakasema, si neno. Mtu anayefunga mwezi mzima kabakisha nini. Na adabu zile, siku hizi hata watoto wetu hawana. Mama, masikini, akasema atamwambia mwenye nyumba.

Alimwambia baada ya sala ya alasiri. Tulisikia cherehani imesimama. Tukangoja ianze. Haikuanza tena mpaka magharibi.

Asubuhi yake baba aliniita barazani. Aliondoa vitambaa kwenye kigoda chake cha pili, akanionyesha nikae. Kwa kawaida kigoda kile kilikuwa cha wateja, na nikafurahi, nikajua leo ndiyo leo.

"Umemfunza vizuri," akasema.

"Ahsante, baba."

"Sikudhani. Siku ile alipokuja, nilisema huyu atatutia aibu. Leo watu wanakuja kumwomba. Mtoto wa Kizungu anaombwa mlangoni mwangu, na mimi nikaona fahari, kama nimezaa." Akawa anapangusa cherehani kwa kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi. "Kisha usiku nikamfikiria babake. Nikasema, mzee huyu saa hizi yuko kwake, amekaa, anakunywa chai yake. Hajui kwamba mwanawe anaposwa Malindi. Hajui kwamba anafunga. Hajui kwamba akiitwa anasema bee. Miezi mitatu tu, na mwanawe si wake tena, naye hana habari, anakoroga sukari."

Nilihisi mahali anapokwenda, na nikataka kumzuia. "Baba, amebadilisha nguo tu."

"Nguo nazijua mimi. Ndiyo kazi yangu. Yule hakubadilisha nguo." Akanitazama, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Yeye amelivunja vizuri sana. Na wewe ni hodari kuliko yeye. Yeye miezi mitatu. Wewe mwaka. Mimi nitakunywa chai gani?"

Mambo yote niliyomfundisha yule msichana, kila leso niliyoishusha, kila bee, yalisimama mbele yangu kama mashahidi upande wa pili. Nilirudi ndani nikamwambia, na hapakuwa na mtu aliyecheka.

Yeye hakulia. Alikasirika, akasema neno refu kwa Kijerumani, kisha akakaa akifikiri. Asubuhi iliyofuata nilipotoka msalani nikamkuta ukumbini amevaa ile kaptura yake ya siku ya kwanza, viatu vya askari, na taulo begani.

"Unakwenda wapi?"

"Kuogelea. Babako anaogopa mtu akibadilika harudi. Nakwenda kumwonyesha kwamba anarudi."

Ningemzuia. Nilikuwa na wakati wa kumzuia. Lakini hoja yake iliingia kichwani mwangu nikaiona ina maana, na nilikuwa mtu anayezama, aliyerushiwa unyasi. Akapita kizingitini. Cherehani ikanyamaza. "Sabalkheri, baba," akasema, kwa adabu zote nilizompa, akapita na mapaja yake nje hadi mwisho wa kichochoro. Nilisikia milango ikifunguka upande huu na ule. Shangazi alitoka na mwiko mkononi.

Alirudi baada ya saa nzima hivi, nywele zinadondosha maji, uso unamng'aa kama mtu aliyepona homa. Baba alimwambia mama kwa utulivu ampe leso kavu asije akashikwa na mafua. Hakumgombeza. Kisha akaniita, na mara hii hakunionyesha kigoda.

"Umeona?" akasema. "Tumekaa naye, tumekula naye, tumefunga naye. Na leo kawa mwingine. Hata kwao hawakumshika, hata sisi hatukumshika. Watu wa nyumba kama hiyo ndio nikupeleke kwao?"

Hapo ndipo hasira ilipopanda, na sikuiwahi. Nilimwambia babangu kwa sauti ambayo msichana wa kwetu hamwambii babake, na jirani wote wakisikia. "Jana kosa lake ni kwamba amekuwa kama sisi. Leo kosa lake ni kwamba amekuwa kama wao. Niambie, baba, alitakiwa awe vipi ili mimi niende?"

Alichukua uzi akawa anautia kwenye sindano. Ukakosa. Akaulowesha mdomoni, ukakosa tena.

"Hapana," akasema mwishowe.

"Hapana nini?"

"Hapana alivyoweza kuwa." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikuweza kukwambia la. Ulikuja na furaha ile. Nikasema aje kwanza huyo wao, siku zipite. Nilidhani utachoka kutaka."

Ningependa angenipiga. Angenipiga ningepata mtu wa kumchukia, ningefunga nguo zangu nikapita uani kwa shangazi nikapanda basi. Lakini yule alikuwa mtu mzima mwenye nywele nyeupe, uzi umemshinda mbele ya tundu la sindano, aliyeniogopa mimi mwanawe tangu mwanzo wa likizo. Nikamtilia uzi, kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini.

Mgeni alikuwa aondoke wiki ile kwenda kumalizia Nairobi kabla ya kurudi kwao, na barua ya baba ilikuwa ichukuliwe naye. Chuo kilihitaji jibu, ndiyo au la, kwa maandishi. Babangu alisoma Kurani na aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri wa kupendeza, lakini Kiingereza hakukijua hata herufi yake ya kwanza. Barua zote za nyumba ile niliandika mimi. Hiyo nayo ilikuwa yangu.

Tulikaa ukumbini asubuhi ya safari, yeye kwenye kiti, mimi mkekani na karatasi kwenye goti. Mgeni alikuwa ameshavaa lile gauni la Idi, shanta karibu naye, anangoja, macho chini. Baba akasema, nami nikaandika. Kwamba yeye, mzazi, anakishukuru chuo kwa heshima waliyompa. Kwamba kwa masikitiko hawezi kumruhusu binti yake kusafiri. Nilipofika hapo kalamu ikasimama. Kwa Kiingereza, kutoka hawezi mpaka anaweza ni hatua ndogo mno. Baba hatajua. Atatia sahihi yake ya Kiarabu chini ya lolote nitakaloandika, mgeni ataipeleka, na chuoni watafurahi. Nikainua macho. Mgeni alikuwa ananitazama, naye ameshalifikiria hilo, nililiona usoni mwake. Alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema andika.

Kisha nikamtazama baba. Alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, hachungulii karatasi. Hakuona haja ya kuchungulia. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, cherehani kimya, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu aliyekuwa akinilinda. Nilikaa pale nikatafuta nguvu ya kuandika neno lile moja dogo, na sikuipata. Nikaandika hawezi.

"Nisomee," akasema. Nikamsomea kwa Kiswahili, kila neno kama lilivyo. Akasikiliza, kichwa amekiinamisha. Akachukua kalamu, akatia sahihi taratibu, kutoka kulia, akaupuliza wino ukauke.

"Ongeza mwisho tunawaombea kheri," akasema. "Walitutakia mema, watu wale."

Nikaongeza.